Mpira Uko Migombani

Kisiwa chenyewe sikitaji. Si siri, ila ni kidogo mno. Nikikitaja, mtu wa kule akisoma atajua papo hapo namsema nani, na pengine huyo nani ni mjomba wake. Kiko Karibiani, kina mlima mmoja, migomba mingi, uwanja wa ndege ambao kindege kikichelewa kushika breki kinaingia baharini, na timu ya taifa ya wanaume ambayo karibu historia yake yote ni kufungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata kwenye mechi za kirafiki, ambako mtu ungetegemea urafiki kidogo.

Haya yote nimeyajua bila kufika huko. Nimeyajulia kwenye ghala moja la Wetherill Park, huku Australia, chumba cha chai, karibu na maikrowevu inayonuka samaki wa watu wa shifti iliyopita. Aliyenifundisha ni mzee wa kisiwa hicho, dereva wa foklifti, mrefu, mwenye pua iliyopinda kushoto kama imeambiwa ipishe gari. Mimi nilimwita Mzee, kwa heshima ya kwetu. Nilipomweleza maana yake alifurahi sana, akaanza kujitambulisha hivyo hata kwa wageni wa kampuni: "Mimi ni Mzee." Supavaiza akaliandika kwenye ubao wa zamu, basi likawa jina.

Yeye mimi aliniita Redio.

Hilo nalo ni la haki. Nina ugonjwa mmoja wa tangu utotoni: natangaza mpira. Tena mpira ambao haupo. Foklifti ikipita na mzigo, mimi huku na katoni zangu nasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya redio tuliyokua nayo: "Anaingia na mzigo wake, anamwacha wa kwanza, anamwacha wa pili, anainua, anainuaaa, ameweka!" Tanga nilitangazia mswaki, gunzi, chochote kinachoshikika. Darasani nilimtangaza mwalimu wa hesabu akiwa amelipa mgongo darasa, na alipogeuka alinikuta niko dakika za majeruhi. Shule yenyewe niliiachia kidato cha pili. Wenzangu wanasema ndiyo iliyoniacha, maana ilikuwa mbele yangu siku nyingi.

Mezani tulikuwa watatu: mimi, Mzee, na Mkongo mmoja wa Bukavu, ambaye hana huruma.

"Kaka, weye siku moja utatangaza hata maziko yako," aliniambia.

"Nitatangaza. Nitasema: marehemu anashuka taratibu, anatafuta nafasi..."

"Na utasema goli?"

"Kaburi liko wazi vile, atakosaje?"

Mzee hakuelewa neno, ila alicheka kwa sababu sisi tumecheka. Kisha akanitaka nimtafsirie, nikamtafsiria, na kwa Kiingereza haikuchekesha kabisa. Ndivyo nilivyo. Kwa Kiswahili mimi ni mtu wa maneno. Kwa Kiingereza mimi ni mtu mpole anayetoa ushahidi polisi.

Historia ya timu ya kisiwa aliimwaga kidogokidogo, chai kwa chai. Mwanzoni jezi zilikuwa za shule ya sekondari, kwa hiyo mabeki waliokula wakashiba walicheza matumbo nje. Kocha alikuwa mwalimu wa kwaya, na mazoezi yake yalianza na pumzi na kuishia na pumzi. Wakisafiri, kindege kilikuwa kidogo kiasi kwamba wachezaji walipimwa kwenye mizani pamoja na mabegi, na mshambuliaji wao mmoja mnene aliwahi kuachwa uwanjani kwa sababu rubani alisema ama yeye ama mipira. Wakachukua mipira. "Tungemchukua yeye," Mzee alisema. "Mipira hata wale wenzetu walikuwa nayo."

Na kipa. Kipa alikuwa afisa uhamiaji. Asubuhi timu ngeni ikitua, yeye ndiye aliyewagongea mihuri kwenye pasipoti, na mchana ndiye aliyesimama golini. Basi kila mshambuliaji aliyesifika kwa magoli alikaa kwenye foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Aliulizwa anakwenda wapi, atakaa kwa nani, amebeba matunda gani. "Ndiyo mbinu pekee tuliyokuwa nayo," Mzee alisema, kwa uzito kabisa.

Mzee mwenyewe alikuwa mchezaji wa benchi. Hakuficha. Alisafiri na timu, alipimwa kwenye mizani, aliimba wimbo wa taifa, akakaa. Aliingia uwanjani siku moja tu, na siku hiyo, Mungu si Athumani, ndiyo siku waliyoshinda.

Walicheza nyumbani na kisiwa kikubwa cha jirani. Goli lilipatikana kipindi cha kwanza: fundi bomba alipiga kona, upepo ukaichukua, ikaingia moja kwa moja, na yeye fundi bomba akawa wa kwanza kushangaa. Karibu na mwisho beki mmoja akakamatwa na misuli, Mzee akaitwa. Akavua suruali ya mazoezi, akajipiga msalaba, akaingia. Hajakaa sawa, jirani wakapiga shuti, kipa keshapitwa, goli tupu, na Mzee yuko kwenye mstari. Mpira ukampiga usoni. Haukuingia. Yeye akaenda chini na pua ikaelekea ilikoelekea mpaka leo.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu sijui."

Alizimia. Alipozinduka alikuwa zahanati, nesi anacheza muziki peke yake, na nje kisiwa kizima kimelewa. Aliuliza mechi ilikwishaje. Kila aliyemuuliza alimpa hadithi yake, na kila hadithi ilikuwa na msimuliaji akiwa shujaa. Redio haikutangaza chochote, maana kimbunga cha mwaka ule kilikuwa kimeangusha mlingoti. Muda si mrefu akamfuata mkewe Australia, kubeba maboksi kukaanza, watoto, foklifti, mke akafariki, nywele nyeupe. Na mwisho wa mechi ile hajaujua.

Alinieleza hayo wiki chache kabla ya kustaafu. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, kwa dada yake. Ghala lilipanga barbikyu ya kumuaga, bustani moja Seven Hills karibu na kwa binti yake. Akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Redio. Siku hiyo sitaki hotuba. Nataka unitangazie ile mechi, kwa lugha yako. Nataka niisikie mpaka filimbi ya mwisho. Kule nikirudi kila mtu ataniambia nilikuwepo, nami nataka niwe nilikuwepo kweli."

Mkongo akaacha kutafuna. Mimi nikasema, "Hiyo ndogo."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Sisi tuliokua na redio tunajua kitu kimoja: mtangazaji hasemi mpira kama ulivyo. Angesema ulivyo, watu wangezima redio waokoe betri. Wachezaji wawili wanagongana katikati ya uwanja, mpira unatoka nje, na wewe nyumbani umeshikilia kiti kwa sababu mtangazaji kasema hatari, hatari, hatari kubwa. Chumvi ni sehemu ya kazi. Basi siku ya mazoezi, kwenye chai, nikamwonjesha Mzee. Nikasimama na kijiko. Fundi bomba akapiga kona, sawa. Kisha nikawapa kisiwa goli la pili. Nilipoona Mkongo anatikisa kichwa kwa raha, nikawapa la tatu, na hilo nikamfungisha Mzee mwenyewe, kwa kichwa, na pua juu yake. Nikageuka kumtafsiria, nang'aa kama sufuria mpya.

Mzee alikuwa hacheki.

"Magoli mangapi umesema?"

"Matatu," nikasema. "Moja lako!"

"Redio," alisema taratibu, "sisi tumeshinda moja maishani. Ukisema matatu, hata lile moja hawataliamini."

Akachukua kikombe chake, akaenda kunywea kwenye foklifti. Kesho yake vilevile. Keshokutwa nikamtangaza akipita, "Anaingia na mzigo wake...", na wala hakugeuka. Mtu aliyekuwa akinipigia honi kila mara! Nikajisikia kama redio iliyowekwa juu ya kabati.

"Enda umuombe pardon," Mkongo aliniambia.

"Nimwombe pardon gani? Nimempa magoli mawili ya bure!"

"Kaka, ule muzee hakukuomba magoli. Alikuomba mwisho. Na mwisho weye hata haukufika, ulikuwa unacheka na kijiko."

Kweli. Nilikuwa sijafika mwisho. Nilikuwa nimekwama kwenye goli la tatu, najisifu.

Nikaenda. Nilimkuta kwenye mlango wa kupakilia, foklifti imezimwa. Nikamwambia sijui mwisho wa mechi yake, na kama sijui nitautunga, na nikitunga ataujua. Kuna nani aliyeuona akiwa hana kiherehere? Alifikiri kidogo. Kisha akasema, kipa.

Kule ilikuwa jioni, kwetu chai ya asubuhi. Mzee alipiga simu, wakasalimiana kwa lugha yao ya kisiwani, Kiingereza kilichovuliwa viatu, kisha akanikabidhi simu na kutoka nje kabisa. Niliona mgongo wake kwenye kioo. Hakutaka kusikia kabla ya siku yenyewe.

"Wewe ni nani?" sauti ya kizee iliuliza. Niliisikia na nikataka kutoa pasipoti.

"Mimi ndiye redio," nikasema.

"Redio? Mmechelewa sana."

Nikamuuliza, baada ya Mzee kuanguka, mechi ilikwishaje? Nilikuwa nimejiandaa kwa penalti, kwa ngumi, angalau kwa mbuzi.

"Hakuna kilichotokea," kipa alisema.

"Hata kidogo?"

"Mpira ulikuwa mmoja tu. Nyuma ya goli langu kulikuwa na shamba la migomba. Kila tukiupata tuliupiga migombani. Wao wanaingia kuutafuta, sisi tunawasaidia."

"Kuutafuta?"

"Kuutafuta kule usikokuwa."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho. Na Mzee je, walimpeleka zahanati? Hapana, si wakati ule. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumchukua mama mjamzito upande wa pili wa mlima. Walimbeba wakamlaza nyuma ya goli, taulo usoni. Kipa akawa peke yake pale, wenzake wote migombani, hana wa kuongea naye ila yule aliyelala.

"Nilimwambia kila kitu," kipa alisema. "Kila mpira ulipokwenda nilimwambia. Bado uko migombani. Wanautafuta. Lala tu. Hajawahi kukuambia?"

"Alikuwa amezimia."

"Mimi nilidhani ananisikia," alisema.

Nilirudisha simu. Mzee hakuniuliza kitu, nami sikumwambia. Lakini wiki ile nilifanya kazi kama mgonjwa. Mwisho wote wa mechi ni watu wanatafuta mpira! Utautangazaje? Utotoni hapo ndipo mtangazaji alipowasalimia wasikilizaji wa Korogwe na Muheza na kusifia hali ya hewa. Nyumbani Auburn nilijaribu mbele ya mke wangu, naye akaniambia mpira umepotea na mimi nimepotea. Kila nikifumba macho goli la pili linanijia lenyewe, zuri, la mguu wa kushoto. Nikalifukuza. Likarudi na la tatu.

Jumamosi ilikuja na jua. Nilibeba nyama kutoka bucha la halali mtaani kwetu, na binti yangu, ambaye yuko umri wa kusikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Mkongo alishika majiko ya umeme ya bustani kama ni ya baba yake. Bosi alikuja na keki, akala ya kwake, akaondoka. Mjukuu wa Mzee, msichana wa rika la binti yangu, alifika moja kwa moja kutoka uwanjani. Wikendi huwa anachezesha mechi za watoto wadogo, kwa hiyo alikuwa bado na shati la urefa, filimbi shingoni, simu mkononi.

"Babu, nimewatafuta mtandaoni," alimwambia. "Wameandika mlifungwa, mkafungwa, mkafungwa. Hiyo mechi yako hata haimo."

"Najua haimo," Mzee alisema. "Kaa hapo."

Akatembea mpaka kwenye majani. Magoti yake si mazuri, lakini alisimama pembeni, pale ambapo benchi lingekuwa, mikono magotini kama mchezaji anayesubiri kuitwa. Mimi nikachukua koleo la nyama. Mkongo akaninyang'anya, akanipa chupa ya maji.

Nikaanza. Kwa Kiswahili, kama alivyotaka. Binti yangu akakaa karibu na mjukuu, akawa anamtafsiria, na nilimsikia akichanganya kejeli zake: "Anasema upepo ni mkali. Baba, upepo wa nini?" Nikapitisha wimbo wa taifa, nikampitisha kipa na foleni yake ya uhamiaji, nikampigisha kona fundi bomba, upepo ukaichukua, na lilipoingia niliitoa ile goooli mpaka mbwa wa watu akasimama. Moja. Nikaishia hapo. Mzee aliniangalia kwa jicho la pembeni, akahakikisha ni moja, akarudi kuinama.

Nikamwita. Akaingia kwa kuchechemea, akajipiga msalaba, akaenda kwenye mstari. Shuti. Nikaona mjukuu ameshusha simu. "Uso!" nilipiga kelele. "Ameuzuia kwa uso! Haukuingia, haukuingia!" Na Mzee, mtu wa umri ule, akapiga magoti, kisha akajilaza chali kwenye majani taratibu, binti yake akakaribia kukimbia, yeye akamnyooshea kiganja: kaa. Akachukua taulo la Mkongo, lililokuwa na harufu ya vitunguu, akajifunika usoni.

Sasa nikafika pale nisipopajua. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka goli. Watu wametulia, wananitazama, chupa iko mdomoni, na goli la pili liko tayari limevaa viatu.

Nikashusha sauti. Nikaenda nikachuchumaa karibu na kichwa chake.

"Mpira umetoka," nikasema. "Umeingia migombani."

Binti yangu akatafsiri.

"Wanautafuta."

Akatafsiri.

"Bado wanautafuta. Wenzako wanawasaidia, wanawapeleka kule usikokuwa." Hapo Mkongo alicheka peke yake. "Umepatikana. Umerushwa. Ametokea fundi bomba, ameupiga tena, umerudi migombani. Kipa yuko hapa. Yuko peke yake, anaongea na wewe. Anasema mpira bado uko migombani. Anasema lala tu."

Binti yangu alianza kutafsiri hilo, akasita, akalisema kwa sauti ndogo. Chini ya taulo Mzee alisema, "Nani anasema?"

"Kipa. Siku ile ile. Alikuambia yote."

Mkono wake ulitoka ubavuni ukapapasa majani, ukatulia.

Nikaendelea. Sijui niliendelea kiasi gani. Mpira unaingia, wanautafuta, unatoka, unaingia. Nilidhani watu watachoka, lakini mama mmoja wa ofisini alikuwa ameshika mdomo, eti wasiupate! Na mimi nikagundua sina njia ya kutoka. Kwenye redio zetu mwisho wa mechi ulikuja wenyewe. Nimefika "mwamuzi anatazama saa yake", nikasema tena "mwamuzi anatazama saa yake", nikamwangalia Mkongo, Mkongo akaangalia nyama.

Filimbi ikalia. Mlio mfupi, mfupi, kisha mrefu, ule wenyewe. Mjukuu alikuwa amesimama, mkono mmoja juu, mwingine unaelekeza katikati ya uwanja, uso mkavu kama wa refa kweli.

Watu wakapiga kelele. Mkongo akapiga koleo kwenye chuma. Mimi nikakaa chini. Mjukuu alikuja akasimama juu ya babu yake.

"Moja bila," alimwambia. "Inuka, Babu. Mmeshinda."

"Muzee, nyama inaungua!" Mkongo aliita kwa Kiingereza chake.

Nilimshika mkono nimwinue. Hakuutoa, lakini hakuinuka. Taulo lilikuwa bado usoni, na pua imelinyanyua upande wa kushoto.

"Niacheni kidogo," alisema. "Ndiyo kwanza mechi imekwisha."